Ramani Itokapo Mkononi mwa Mchoraji: Mstari, Nukta na Mpaka wa Kivu tangu 1856

1. Utangulizi

Kuna swali ambalo mwanafunzi wa jiografia au wa historia hulijibu mara nyingi bila kutambua kwamba amelijibu. Amekwisha kuchora ramani yake kwenye kompyuta, na sasa anataka kuitoa ili aitie katika tasnifu, aipeleke kwa mchapaji au amtumie mwenzake. Programu inamwuliza mambo mawili: faili iwe ya muundo gani, na picha iwe na nukta ngapi kwa kila inchi. Naye huchagua jibu lililo mbele yake, kisha huendelea na kazi nyingine. Miezi michache baadaye ramani inaonekana kitabuni: majina ya vijiji hayasomeki, mto na mpaka vimekuwa uzi mmoja, na hakuna awezaye kusema kosa lilifanyika wapi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si la mafundi peke yao. Ni swali la kale kuliko kompyuta, nalo ni hili: ramani inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ni kitu gani kihifadhiwe na ni kitu gani kitupwe? Kila njia ya kunakili ramani imekuwa na jibu lake, na jibu hilo limewahi kuwa na matokeo katika maisha ya watu. Mfano utakaofuatwa ni wa eneo la Ziwa Kivu na jirani zake, kwa sababu huko historia ya ramani na historia ya watu zimefungamana kwa namna isiyo ya kawaida. Kwanza zitaelezwa ramani tatu za karne ya 19. Kisha njia za kuchapa. Halafu miundo ya faili iliyozuka tangu mwaka 1986. Na mwisho hesabu ambayo mchoraji wa leo anapaswa kuifanya kabla ya kubonyeza kitufe.

2. Ziwa moja badala ya matatu

Mwaka 1856 wasomaji wa jiografia katika Ulaya walipata ramani iliyowastaajabisha. Ilikuwa kazi ya wamisionari wawili wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ndani ya bara walichora ziwa moja kubwa mno, lililoenea zaidi ya digrii kumi za latitudo, lenye umbo ambalo watu wa London walilifananisha na konokono asiye na kombe.

Wamisionari hao hawakuwa wameliona ziwa hilo. Habari zao zilitoka kwa wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na Waarabu wa pwani, pamoja na watu wa bara waliofuatana nao. Ni watu wa tabaka lile lile ambalo baadaye lilikifikisha Kiswahili hadi Manyema. Wasafiri walioondoka katika vituo mbalimbali vya pwani walisema kwamba njia zao zote ziliishia kwenye maji makubwa. Erhardt akafikiri kwamba maji hayo ni mamoja, akaunganisha ncha za njia zote kwa mstari mmoja wa ufuo.

Masimulizi ya wasafiri hayakuwa ya uongo. Kila mmoja alikuwa amefika kwenye ziwa la kweli: huyu Nyasa, yule Tanganyika, mwingine ziwa la Ukerewe ambalo Waingereza waliliita Victoria. Kosa lilikuwa katika kuunganisha. Habari zilikuwa nukta chache, zilizo mbali sana moja na nyingine, na mchoraji akajaza nafasi baina yake. Richard Burton na John Speke waliona Tanganyika mwezi Februari 1858, na Speke akafika kwenye ufuo wa kusini wa Ukerewe mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo. Hapo konokono alianza kukatika vipande.

Somo la ramani ya 1856 ni jepesi kulitamka, lakini ni gumu kulikumbuka. Pale nukta zinapokuwa chache, vitu vitatu huwa kitu kimoja. Na ramani haimwambii msomaji kwamba viliunganishwa. Wino wa mahali palipojulikana na wino wa mahali palipokisiwa una weusi ule ule.

3. Mlima wa Mfumbiro na mstari wa tarehe 1 Agosti 1885

Jambo la namna hiyo lilitokea tena kaskazini ya Kivu. Mwaka 1861, Speke alipokuwa akipita Karagwe, aliona kwa mbali upande wa magharibi vilele virefu, na jina la Mfumbiro likaingia katika ramani kama jina la mlima mmoja. Uingereza na Ujerumani zilipogawana Afrika ya Mashariki kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, zilichagua latitudo ya digrii 1 kusini kuwa mpaka wa magharibi ya ziwa kubwa, kisha zikaongeza sharti: mlima wa Mfumbiro usiwe katika upande wa Wajerumani, hata ukionekana kuwa kusini ya mstari huo. Wapimaji walipofika wenyewe hawakuukuta mlima wa peke yake. Walikuta safu ya Virunga, yenye volkano kubwa nane. Nukta moja ya ramani ilikuwa imeficha milima minane, na mkataba wa madola mawili ulikuwa umesimama juu ya nukta hiyo.

Kabla ya hapo, Dola Huru ya Kongo ilikuwa imetangaza mipaka yake kwa Azimio la tarehe 1 Agosti 1885. Upande wa mashariki, mpaka ulielezwa hivi: kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mstari ulionyoka hadi mahali ambapo longitudo ya digrii 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini, na kutoka hapo kuelekea kaskazini, longitudo hiyo hiyo ya digrii 30. Waliouandika walikuwa na rula, lakini hawakuwa na habari za nchi. Wakati huo hapakuwa na Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894, baada ya kupita Rwanda. Ndipo ilipodhihirika kwamba mstari ule ulipita ndani ya nchi ya Rwanda, ukaliacha ziwa zima na milima ya mashariki yake upande wa Kongo.

Ujerumani haikukubali. Yalifuata mapatano ya muda ya mwaka 1899, upimaji wa pamoja mwanzoni mwa karne ya 20, na mwishowe mkutano wa Bruxelles. Kwa mkataba wa tarehe 11 Agosti 1910, Ubelgiji na Ujerumani ziliuacha mstari ulionyoka. Mpaka ukafuata mto Ruzizi na kulikata Ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo. Watu wenye lugha moja, ng'ombe wa malisho mamoja na ndoa za kupeana walijikuta chini ya serikali mbalimbali.

Mtu anaweza kudhani kwamba mstari wa 1885 ulikufa mwaka 1910. Haukufa. Sheria ya Zaire nambari 81-002 ya tarehe 29 Juni 1981, iliyohusu uraia, ilitaka mwenye kuutafuta uraia wa asili aonyeshe kwamba mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa katika nchi ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, kama ilivyobadilishwa na mikataba iliyofuata. Sharti hilo lilidumu hadi sheria nambari 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 ilipoweka wakati wa uhuru, yaani mwaka 1960, kuwa kipimo. Mjadala wa sheria hizo ni mpana na si shabaha ya makala haya. Linalotosha hapa ni jambo moja: kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, haki ya mtu kuitwa mwananchi iliweza kupelekwa mbele ya ramani ya zamani. Hivyo basi, anayetengeneza nakala ya ramani kama hiyo hashughuliki na pambo la kitabu.

Sheria ya mataifa nayo imelipima jambo hili. Katika hukumu ya tarehe 22 Desemba 1986 baina ya Burkina Faso na Mali, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba ramani kwa nafsi yake ni habari tu, ambayo usahihi wake hutofautiana, wala haiwezi peke yake kumpa mtu haki ya ardhi. Hupata nguvu ya kisheria inapokuwa imeambatishwa na hati rasmi. Kwa maneno mengine, majaji huuliza ramani ilitoka wapi, ilichorwa na nani na kwa usahihi wa kiasi gani. Nakala iliyopoteza mambo hayo haina la kujibu.

4. Shaba, jiwe na nukta

Katika karne ya 19 ramani nzuri ilichongwa kwenye bamba la shaba. Mchongaji alilima mfereji mwembamba katika shaba, wino ukakaa ndani, karatasi ikaunyonya. Njia hiyo ilihifadhi mstari: penye mfereji pana mstari, pasipo mfereji pana weupe, wala hapana kitu cha katikati. Lakini bamba lililochapwa mara nyingi lililika, na mistari iliyo myembamba kuliko mingine ilikuwa ya kwanza kufifia.

Litografia, iliyobuniwa Bavaria na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, ilitumia jiwe la chokaa badala ya shaba. Mafuta na maji havichanganyiki. Mahali palipochorwa kwa kalamu ya mafuta palishika wino, na mahali palipolowa maji palikataa. Ramani ya shaba iliweza kuhamishiwa juu ya jiwe ili ichapwe kwa gharama ndogo. Kila uhamisho ulipunguza wembamba wa mistari, lakini watu wengi zaidi waliweza kuinunua ramani. Tangu hapo mchapaji alikuwa akifanya biashara ile ile ya leo: upesi na bei kwa upande mmoja, uaminifu kwa upande mwingine.

Katika miaka ya 1880 ilienea njia ya kuchapa picha kwa nukta ndogo ndogo. Atazamaye kwa miwani ya kukuza ataona kwamba rangi ya kijivu haipo. Zipo nukta nyeusi kubwa na ndogo juu ya karatasi nyeupe. Njia hiyo iliifaa picha ya mtu au ya mlima. Mstari mwembamba na herufi ndogo ziliumia, kwa kuwa zilikatwakatwa kuwa nukta.

Baada ya mwaka 1959 zilikuja mashine za fotokopi za ofisini, ambazo kila mtafiti wa nyaraka za ukoloni anazifahamu. Fotokopi isiyo ya rangi iliitendea ramani jambo baya kwa utulivu: mto uliokuwa wa buluu, barabara iliyokuwa nyekundu na mpaka uliokuwa wa zambarau, vyote vilitoka vyeusi. Mpaka unaofuata mto ukapotea ndani ya mto. Aliyesoma miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu anajua hali hiyo: mnakili wa tatu hurithi makosa ya wa kwanza na wa pili, akaongeza yake, na msomaji wa nne huyachukua yote kuwa maneno ya mtunzi.

5. Miundo ya faili, 1986 hadi 2001

Kompyuta ilipoanza kuchora ramani katika miaka ya 1960, ilikuwa na njia mbili ambazo zingali ndizo njia kuu. Ya kwanza huigawa karatasi katika vyumba vidogo vya mraba na kukipa kila chumba rangi yake. Kila chumba huitwa pikseli, na ramani ya namna hiyo ni rasta. Programu ya SYMAP, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, ilichapa ramani zake kwa herufi za printa ya kompyuta, kila herufi ikiwa chumba kimoja. Njia ya pili hukumbuka mstari wenyewe: uanzie hapa, upite pale, uishie kule. Hiyo huitwa vekta. Anayeijua kazi ya mchongaji wa shaba hatasita kutambua kwamba vekta ni ndugu wa mfereji, na rasta ni ndugu wa nukta za mchapaji wa magazeti.

Katika upande wa rasta, miundo minne ndiyo iliyotawala. TIFF ilitolewa mwaka 1986 kwa ajili ya picha zilizosomwa kwa skana. Inaweza kuhifadhi kila nukta kama ilivyo, ndiyo maana hifadhi za nyaraka huipenda. Lakini faili zake ni kubwa. GIF ilifuata mwaka 1987, iliyokusudiwa kusafirishwa kwa njia ya simu. Inabana bila kupoteza nukta, ila haiwezi kuwa na rangi zaidi ya 256. Mwishoni mwa mwaka 1994 watumiaji wake walitangaziwa kwamba njia yake ya kubana ina mwenyewe, naye anadai malipo. Tangazo hilo liliwafanya wataalamu wabuni muundo huru, PNG, uliokubaliwa rasmi mwezi Oktoba 1996. PNG nayo inabana bila kupoteza, na ina rangi kwa mamilioni.

Muundo wa nne ni JPEG, ambao kanuni zake zilikamilika mwaka 1992. Huu ndio unaohitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndio unaochaguliwa zaidi na kueleweka kidogo. JPEG hukata picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8. Kila mraba huelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine ya upole na mengine makali, kisha mawimbi makali hupunguzwa au kutupwa, kwa kuwa jicho halitayakosa sana. Zaidi ya hayo, habari za rangi mara nyingi huhifadhiwa kwa nukta chache kuliko habari za mwanga. Kwa picha ya ziwa wakati wa machweo, hesabu hiyo ni ya busara: faili hupungua mara kumi na mtazamaji haoni tofauti. Kwa ramani ni kinyume. Mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe ni badiliko kali. Herufi ni badiliko kali. Mpaka mwekundu na mwembamba ni rangi iliyosongwa mahali padogo. JPEG hutupa hasa kile ambacho ramani imeundwa kukisema. Kando ya herufi huonekana vumbi la kijivu, na uzi mwekundu huwa ukungu wa waridi. Tena, kila mara faili inapofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa upya, upotevu hujirudia kama fotokopi ya fotokopi.

Katika upande wa vekta, PDF ilitolewa mwaka 1993 na SVG ikapitishwa mwaka 2001. Zote mbili huhifadhi mstari kama mstari na herufi kama herufi, hivyo ramani inaweza kukuzwa bila kuchakaa. PDF inaweza kubeba aina za herufi ndani yake. SVG mara nyingine huzitegemea herufi zilizomo katika kompyuta ya msomaji, na zisipokuwamo majina husogea mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya kawaida haina: mahali. TIFF ilipata katika miaka ya 1990 nyongeza iitwayo GeoTIFF, ambayo huandika ndani ya faili lenyewe longitudo na latitudo za picha. PNG na JPEG kwa kawaida huhitaji faili ndogo ya pembeni yenye mistari sita ya namba. Faili hiyo ikipotea njiani, kompyuta haijui tena picha hiyo iko wapi duniani.

6. Hesabu ya nukta

Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa nukta 300 kwa inchi, nukta moja ina upana wa milimita 0.085 hivi, kwa nukta 72, kipimo kilichozoeleka kwa vioo vya kompyuta vya miaka ya 1980, nukta moja ina milimita 0.35. Namba hizi huwa na maana zinapozidishwa kwa skeli. Katika ramani ya 1:50,000, nukta moja ya picha ya 300 inafunika mita 4 za ardhi. Katika ramani ya 1:4,000,000, nukta hiyo hiyo inafunika mita 339, na nukta ya picha ya 72 inafunika kilomita 1 na mita 411. Kijiji kizima kinaweza kukaa ndani yake.

Herufi nazo zipimwe. Jina la mto lililoandikwa kwa herufi ndogo za milimita 1.5 hupata karibu nukta 18 za urefu katika picha ya 300, na nukta 4 tu katika picha ya 72. Kwa nukta 4, herufi s na herufi z hazitofautiani. Mto utokao Kivu kwenda Tanganyika huandikwa Ruzizi katika ramani nyingi za Kongo, na Rusizi katika zile za Rwanda na Burundi. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo si ya tahajia peke yake. Inaweza kumwonyesha ramani ilitoka upande gani wa maji. Picha duni inamnyang'anya ushahidi huo bila yeye kujua kwamba ulikuwapo.

Gharama nayo ipo. Ramani ya sentimita 16 kwa 20, kwa nukta 300, ina nukta milioni 4.5 hivi, kwa baiti tatu za rangi kwa kila nukta, ni megabaiti 13 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 600 si maradufu bali ni mara nne, yaani megabaiti 54. Katika miaka ya 1990 ramani ile ya megabaiti 13 ilihitaji disketi kumi za megabaiti 1.44. Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi walikimbilia JPEG. Disketi zimekwisha, lakini mazoea yake yamebaki, na hata leo anayelipia intaneti kwa kipimo cha megabaiti ana sababu ya kupunguza faili. Kupunguza si kosa. Kosa ni kupunguza nakala iliyo ya pekee.

Hata hivyo wingi wa nukta haugeuki kuwa ukweli. Ichukuliwe ramani ya zamani ya 1:4,000,000 ambamo mpaka umechorwa kwa mstari wa nusu milimita. Unene wa mstari huo ni kilomita 2 za ardhi. Skana ya nukta 600 itauonyesha kwa uzuri, hata nyuzi za karatasi zitaonekana. Lakini kilomita 2 zitabaki kuwa kilomita 2. Vekta ina hatari zaidi katika jambo hili. Mwaka 1992 idara ya ramani ya jeshi la Marekani ilitoa ramani ya dunia nzima katika umbo la vekta, Digital Chart of the World, iliyotokana na ramani za 1:1,000,000. Mtu akiukuza mstari wake hadi 1:10,000, utaonekana mwembamba na safi kana kwamba ulipimwa kwa kamba, ingawa nusu milimita ya ramani ya asili ni mita 500 za ardhi. Erhardt alijaza nafasi baina ya nukta kwa kalamu. Kompyuta huijaza kwa usafi wa mstari.

7. Uchaguzi

Kutokana na historia hii unapatikana utaratibu mfupi, ambao hauhitaji mashine ya bei kubwa.

Kwanza, ramani ya zamani inayosomwa kwa skana ihifadhiwe katika TIFF isiyopoteza nukta, kwa nukta 300 au zaidi, na kwa rangi, hata kama inaonekana nyeusi na nyeupe. Nakala hiyo isiguswe. Nyingine zote, kubwa na ndogo, zitokane nayo.

Pili, ramani iliyochorwa kwenye kompyuta, kwa mfano kwa programu huria ya QGIS iliyoanzishwa mwaka 2002, itolewe kwanza kama PDF au SVG kwa ajili ya mchapaji. Ikiwa inatakiwa picha, iwe PNG ya nukta 300 kwa ukubwa ule ule itakaochapwa. Kuitoa ikiwa ndogo na kuikuza baadaye ni sawa na kumwomba msafiri mmoja habari za maziwa matatu.

Tatu, JPEG iachiwe picha za ndege, za setelaiti na za kamera, mahali ambapo rangi hubadilika polepole. Kama ramani ina picha ya setelaiti chini na majina juu, majina yahifadhiwe kama vekta juu ya picha hiyo.

Nne, skeli iandikwe kwa mstari wenye alama za kilomita, wala si kwa namba peke yake. Picha inapokuzwa au kupunguzwa, namba 1:50,000 hugeuka kuwa uongo, lakini mstari hukua na kupungua pamoja na nchi.

Tano, ndani ya fremu ya ramani yaandikwe mambo matatu: chanzo cha mistari, skeli ya chanzo hicho, na mwaka wake. Maneno hayo huchukua nafasi ndogo. Ndiyo ambayo Mahakama ya Kimataifa ingeyauliza, na ndiyo ambayo nakala hupoteza kwanza, kwa kuwa hukatwa ili ramani ienee ukurasa.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba tangu konokono wa mwaka 1856 hadi faili ya leo, ramani imekuwa ikipotea kwa njia mbili. Hupotea kwa upungufu, pale nukta zinapokuwa chache na vitu vingi vikawa kimoja: maziwa matatu, volkano nane, herufi mbili za jina la mto. Hupotea pia kwa ziada, pale usafi wa mstari unapodai ujuzi ambao mchoraji wa kwanza hakuwa nao. Muundo wa faili na wingi wa nukta vinatibu upungufu. Ziada haitibiwi na programu yoyote, ila na maneno machache ya kweli chini ya ramani.

Katika nchi ambayo mstari wa 1885 uliweza kuulizwa habari za babu wa mtu karibu miaka mia moja baadaye, ni wajibu wa vyuo kuwafundisha wanafunzi wa historia jambo hili pamoja na kusoma hati na kusikiliza wazee. Ramani zinazotolewa leo katika maabara na ofisi zitasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Watahitaji kujua pale mpaka ulipochorwa, na vilevile kujua mchoraji alikuwa na hakika ya kiasi gani alipouchora.